Mshindi wa Tuzo Asiyejua Kiswahili

Khalfani alikuwa anakunywa kahawa ya kulipiwa, Kariakoo, redio iliposema kwamba Marekani kuna tuzo ya riwaya zisizofuata utaratibu: hazina kichwa wala miguu, na msomaji asipoelewa ndiyo sifa. Akaweka kikombe chini. Hadithi zisizoeleweka! Yeye amewatungia mapolisi tangu ujana, bila tuzo wala asante.

Kesho yake akaingia nyumba ya wageni ya Bi Shobhana, Kisutu, kwa jina la Mista Kalvin, Mmarekani mweusi, mshindi wa tuzo hiyo. Kiswahili hajui hata "mambo". Amekuja kuandika riwaya juu ya Dar.

"Na mimi nitakuwemo?" Bi Shobhana akamuuliza kwa Kiingereza.

"Sura nzima, madam."

Habari zikasambaa. Kila mwenye uchu wa kusomwa Marekani akaja na zawadi: fundi nguo akaleta suti, muuza saa akaleta saa, muuza simu akaleta simu mpya. Khalfani akala, akalala, akaongea Kiingereza cha puani.

Mchana mmoja Moza, mpishi, akammwagia mchuzi wa dengu mapajani.

"Mama yangu weee!" Khalfani akaruka, kisha akakohoa na kumalizia kwa Kiingereza.

Moza akafuta meza, akaenda jikoni kwa bosi wake.

Jioni, mgeni akiwa anakula, Moza akasema kwa sauti, kwa Kiswahili, "Mama, ile cherehani mbovu ya marehemu bibi nimempa kaka yangu Beno auze sokoni Mchikichini."

"Mungu wangu! Mkufu wa dhahabu umo ndani ya kichwa cha cherehani hiyo!" Bi Shobhana akapiga kelele.

"Basi tutaifuata kesho mchana."

Mista Kalvin akaendelea kutafuna, uso mkavu. Moyo ulikuwa unacheza ngoma ya mdundiko.

Asubuhi alikuwa wa kwanza Mchikichini.

"Hii siuzi, bro," Beno akasema. "Mali ya ukoo."

Khalfani akatoa saa. Beno akapiga miayo. Akatoa simu. Beno akatazama pembeni. Khalfani akavua na koti, ndipo wakapeana mikono.

Akaburuta cherehani nyuma ya vibanda, akaivunja kwa jiwe. Ikamtemea mafuta machafu na sindano iliyokatika. Akamtukana Beno na ukoo wake kwa Kiswahili safi cha Kariakoo, mpaka wateja wakaacha mitumba wakaja kusikiliza.

Alipogeuka, Bi Shobhana na Moza walikuwa wamesimama pamoja na wenye zawadi zao. Muuza saa alishavaa saa yake.

"Hongera, Mista Kalvin," Bi Shobhana akasema. "Lugha yetu umeijua haraka!"

Fundi nguo alikuwa na koti begani tayari. Alikuwa anasubiri suruali.