Uzinduzi wa Mfumo wa Kuuliza Mara Moja

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye kwa sababu zisizozuilika ni mimi mwenyewe. Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati ya Kumpokea Mgeni Rasmi. Waheshimiwa Wajumbe wa Kamati ya Viti, ambao nawaona wamekaa. Daktari wa zamu, uliyenishikia maua. Watumishi wa madirisha yote ya hospitali hii, ambayo tumeyafunga kwa heshima ya shughuli hii. Kina mama wenye watoto wanaolia na kina mama wenye watoto watakaolia baadaye: itifaki imezingatiwa! (Makofi. Mtoto analia.)

Ndugu zangu, leo tunazindua Mfumo wa Kuuliza Mara Moja, huu hapa mezani chini ya kitambaa. Mtasema, Mheshimiwa, huyo ni mnyama gani? Nawajibu: ni programu ya wavuti iliyo endelevu, shirikishi na jumuishi, yenye fanksheni ndani yake, na fanksheni ni kama watumishi wetu hawa, huyu anaandikisha, huyu anapima, huyu anatoa dawa, na kila mmoja anakuuliza upya jina la mtoto kana kwamba umemuokota njiani. (Kina mama: “Sema, baba!”) Sasa, kwa efishensi ya kidijitali, data inapakiwa mara moja tu pale mlangoni, inawekwa mahali pa pamoja, na kila fanksheni inachota hapohapo bila kumsumbua mwenye mwana, ndoo moja ya maji, vikombe vingi! (Sauti: “Maji yenyewe yamekatika!”) Huo ni mfano, bibi, keti. Utafiti wetu umebaini kwamba ufanisi umepanda kwa asilimia mia na arobaini, na ungepanda zaidi kama si uhaba wa asilimia. (Kicheko.)

Naam, mama kijana mwenye mtoto mgongoni, maswali ni mwisho. (“Baba, mwanangu anawaka moto!”) Homa imepangwa awamu ya pili. (“Asubuhi mapokezi wameandika mvulana, kwenye mizani wakaandika msichana, dirisha la dawa wakaniuliza pacha mwenzake yuko wapi. Kisha mkafunga, mje kupiga makofi!”) Mama, usipande jukwaani. Mama, hicho kipaza sauti kina utaratibu wake!

(“Mimi Mama Bonge. Bonge ndiye huyu: msichana, mwaka mmoja, homa tangu jana, leo hajanyonya, na vidonge anatapika, anataka dawa ya maji. Nasema mara moja. Mapokezi, umesikia?” “Nimesikia!” “Mizani?” “Nimesikia, dada!” “Dawa?” “Ya maji, si vidonge!” Daktari anatupa maua: “Mlete mtoto, twende.”)

Mnaona? Mnaona mfumo wangu? Data imepakiwa mara moja, fanksheni zote zimechota, na mimi ndiye niliyekuwa nimesimama karibu nayo kuliko mtu yeyote! Daktari, rudi, utepe haujakatwa! Fanksheni, mnakimbilia wapi? (Watumishi wanatoka mbio. Madirisha yanafunguliwa. Kina mama wanawafuata kwa vifijo.)

Haya, Waheshimiwa wa Kamati ya Viti mliobaki, tuitikie. Kuuliza... (Wajumbe wanageuka kutazama madirisha.) Mara Moja! Data Moja... (Mjumbe mmoja anapiga chafya.) Ahsante, hiyo inatosha.

Kwa namna ya pekee namshukuru Mama Bonge, kwa kuwa bila yeye ningelazimika kufunua kitambaa hiki, na chini yake, kama Kamati inavyofahamu, kuna boksi la sabuni. Programu yenyewe haijaandikwa hata mstari, mwandishi wake hajatafutwa, na mfumo huu ulianza kuwepo duniani pale mama huyu alipopanda ngazi, na umemaliza kuwepo aliposhuka. Lakini jamani, si mliuona unavyofanya kazi? Nawashukuru kwa kunisikiliza.

(Kutoka dirisha la dawa, sauti ya Mama Bonge: “Jamani! Hawakuniuliza jina la mtoto!” Vigelegele.)