Plau la Kategoria ya Pili

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimefanya jambo! Plau kuukuu la mama mkwe, lile la diski mbili aliloliacha marehemu baba mkwe, halipo tena. Nimelipeleka kwa muuza zana za mitumba na kulibadilisha, chuma kwa chuma, na plau la diski tatu. Jekundu. Linang'aa. Mama bado hajui. Ananitegemea nimlimie ekari nne kabla ya mvua, na redio imesema mvua ni Jumapili. Kwa diski tatu ni kazi ya siku moja.

Muuza zana aliniuliza trekta letu ni kategoria ya ngapi. Ya kwanza, nikasema. Akasema plau hili ni kategoria ya pili, je, nimepima? Nikamcheka. Nani anakataa kupanda darasa? Tena nilikuwa nimepima. Asubuhi nilitia kidole gumba kwenye tundu la mkono wa nyuma wa trekta, kikaingia. Pale kwake nikakilinganisha na pini ya plau. Mtu na ndugu yake! Pini imenona kidogo tu.

Mwanyumba wangu, mume wa dada yake mke wangu, angepima wiki nzima. Tunamwita Futikamba kwa sababu futi haimtoki mfukoni hata msibani. Na aone sasa nani mkwe wa kutegemewa.

Jumanne, 4 Machi

Aibu.

Mama alileta kigoda chake, akaketi mbele ya banda kutazama. Alilisifu plau. Akauliza la mzee liko wapi, nikamwambia limepumzika. Nikarudi nyuma na trekta kwa madaha. Nikashuka. Pini haikuingia. Nikapaka grisi. Haikuingia. Sabuni. Nyundo. Nikalala chali chini ya mkono wa trekta, nikasukuma kwa mguu, suruali ikachanika pasipostahili kuchanika mbele ya mama mkwe. Akageuza uso kwa heshima. Hiyo heshima ndiyo iliyoniua.

Nikasema chuma kina baridi, tungoje jua. Akahamishia kigoda kivulini, akangoja. Saa mbili nzima!

Futikamba akapita. Hakuulizwa. Akapima tundu: milimita ishirini na mbili. Pini: ishirini na nane. Akaandika kiganjani, akaenda zake bila neno. Afadhali angenitukana.

Jumatano, 5 Machi

Nimekwenda kwa fundi wa kuchomelea. Nimesema ni shida ya rafiki yangu. Akaniambia nimweleze huyo rafiki kwamba kategoria si madaraja ya ubora. Ni saizi. Ya kwanza ni ya trekta dogo: matundu membamba, mikono imekaribiana. Ya pili ni ya trekta kubwa zaidi: pini nene, nafasi pana, na zana zake nzito. Ingekuwa kinyume, plau dogo kwa trekta kubwa, pini nyembamba ingevishwa bushi, kibomba kifupi cha chuma, ikajaa tundu. Lakini hakuna bushi ya kukondesha pini, alisema.

Nikauliza je, rafiki yangu akizisaga hizo pini? Akanitazama suruali iliyoshonwa. Akasema rafiki yako alirudishe plau leo hii, kabla hajalitia kovu.

Nimemshukuru sana. Nikatoka hapo moja kwa moja kwenda kuazima mashine ya kusagia.

Alhamisi, 6 Machi

Imeingia! Nimezisaga pini zote mbili, nimeitanua mikono kwa mtaimbo, imeingia! Nikaita kila mtu. Mke wangu, shemeji zangu, majirani. Mama na kigoda chake.

Nikavuta wenzo wa kunyanyulia. Plau halikunyanyuka. Trekta ndilo lililonyanyuka! Pua juu, magurudumu ya mbele hewani, nami nimekumbatia usukani natazama mawingu. Majirani walicheka hadi wakashikana.

Nikapaza sauti kwamba ni uzito tu umepungua mbele. Mama akainuka. Akasema kwa upole, kama ni uzito tu, baba, mimi ninao, nikae wapi?

Mungu anisamehe, nilimpima kwa macho. Sekunde moja tu. Mke wangu aliniona.

Sikupata nafasi ya kujibu. Pini niliyoisaga ilikatika, pua ikashuka kwa kishindo, plau likalalia tuta la vitunguu vya mama. Lote. Hapo hakucheka mtu.

Ijumaa, 7 Machi

Mke wangu haongei nami. Muuza zana amekataa kulipokea plau: alinipa pini nzima, namrudishia moja iliyokatika na nyingine iliyokonda. Plau la mzee nimeliona pale pale uani kwake, limeegemezwa ukutani. Nimelitazama, nikashindwa kulisogelea.

Nikaenda kumweleza mama ukweli. Nilijiandaa kwa kelele. Hakupiga kelele. Alikuwa akiokota vitunguu vilivyosalimika. Akasema kila anapokwenda huwaambia watu kwamba mzee hayupo, lakini anaye mkwe anayejua mashine. Akauliza sasa awaambie nini.

Nikachuchumaa nikaokota naye. Machozi yalinitoka, nikasingizia vitunguu. Nadhani alijua.

Jioni Futikamba alifika na mfuko. Ndani, pini mbili mpya za milimita ishirini na nane. Alizinunua Jumanne ile ile. Nikauliza alijuaje kwamba nitaziharibu. Akasema ananijua, basi.

Jumamosi, 8 Machi

Plau la mzee limerudi; muuza zana amekubali jekundu lake likiwa na pini mpya. Pini zimeingia kwa kidole, kama mtu anayeingia kwake. Futikamba ameendesha. Mimi nimefungua lango na kubeba maji. Ekari nne, hadi saa kumi jioni. Mama alimpa yeye mkono, mimi akaniambia nikaoge.

Nimeapa. Sitagusa tena chuma nisichokijua. Na kidole gumba si kipimo.

Jumatatu, 10 Machi

Mvua ilinyesha jana, kama redio ilivyosema. Leo ardhi imelainika vizuri. Mama amesema tungoje Jumatano, Futikamba aje achague mashine ya kupandia mahindi ya kuazima.

Kwa nini tungoje? Mimi si mtu yule wa wiki iliyopita. Nimenunua futi yangu! Asubuhi nimekwenda kwa jirani wa ng'ambo ya mto, ana mashine ya kupandia nzuri ajabu. Nikapima pini zake za chini kama msomi: ishirini na mbili kamili. Zote mbili! Kategoria ya kwanza, hakuna ubishi. Nimeikokota hadi nyumbani na kuificha bandani.

Limebaki tundu la juu, linaposhika mkono wa tatu wa trekta, ule wa katikati. Futi haikufika pale, pamejificha. Nimelipima kwa kidole gumba. Kimeingia kwa raha.

Nimemwambia mama alete kigoda kesho saa tatu asubuhi, na awaite majirani.