Mahindi Ndani ya Taa

Jumatatu, 22 Aprili 1957
Mvua tena! Taa za mbele za pikapu yangu zimejaa mvuke. Nikiwasha, mwanga ni kama wa mshumaa nyuma ya blanketi. Na wiki ijayo, Jumamosi, Mzee Micah anamwoza binti yake Jepkorir! Gari litatoka Olenguruone kabla ya jua, katika ule ukungu wa milima ya Mau. Mzee amesema kati yangu na Kemboi wa lori, mwenye taa safi ndiye atakayembeba bibi harusi. Mimi Kiprugut nishindwe na Kemboi? Thubutu!

Kemboi amepita hapa akijifanya rafiki. Eti mpira wa kuzunguka kioo umepasuka, maji yanaingia hapo. Ameniachia kipande cha tyubu nikate mpira mpya. Nimekitupa chini ya kiti. Ushauri wa adui sitaki.

Jumanne, 23 Aprili
Nimepata! Kule Njoro niliwahi kupeleka kuni kwa mzungu mmoja, nikaona punje za mchele ndani ya kichupa cha chumvi. Mpishi alinieleza kwamba mchele hunyonya unyevu. Sasa, mahindi si makubwa kuliko mchele? Yatanyonya zaidi! Nimetia konzi moja kila taa. Mke wangu Jerop ameuliza kama ile si mbegu ya shamba. Nimemwambia mambo ya magari awaachie wenye leseni.

Jumamosi, 27 Aprili
Punje zimenenepa. Zinakunywa vizuri sana! Nimefunika taa kwa gunia, Kemboi asiibe ujuzi wangu. Sifunui mpaka siku yenyewe.

Jumamosi, 4 Mei
Alfajiri, kwa Mzee Micah, watu wote wamesimama. Nimefunua gunia kwa madaha. Nimewasha. Mwanga wa kijani! Mahindi yameota, majani yamejaa kioo kizima. Mzee ameinama, akatazama, kisha akaniuliza kwa upole napalilia lini.

Jepkorir amepanda lori la Kemboi. Mimi nimepewa sufuria na kuku nibebe, nikafuata taa yake ya nyuma mpaka kanisani. Imeniuma, siwezi kuficha.

Lakini Kogo Chepkemei, nyanya yake bibi harusi, amepiga vigelegele! Amesema harusi yahitaji majani mabichi ya baraka, na hajawahi kuona gari lililoyabeba ndani ya macho yake.

Jumapili, 5 Mei
Sifa zangu zimefika hadi kijiji cha Bahati, naamini. Kogo anamwoza mjukuu mwingine mwezi wa Juni, na hataki gari lingine ila langu. Safari hii nitapanda ngano. Majani yake ni membamba, mwanga utapita. Kemboi maskini! Taa zake kavu, hata jani moja hazina.

Jerop ameuliza kile kipande cha tyubu kilienda wapi. Nimemwonyesha: nimeziba nacho ufa wa kibanda cha kuku. Mvua imenyesha usiku kucha, na kuku wamelala pakavu kabisa.