Foleni Inayokwama kwa Mzee Ondiek

Kwa Mwalimu Mkuu, Bwana Wechuli,

KUH: FOLENI YA CHAKULA CHA MCHANA

Samahani kwa kukuandikia badala ya kuja ofisini. Nilikuja mara mbili, nikaogopa kubisha.

Katika somo la Biashara tumefundishwa kwamba kazi ikichelewa, tafuta kwanza mahali inapokwama. Nimetafuta. Kuni zipo na sufuria zinatosha. Foleni inakwama kwa Mzee Ondiek, mpishi wetu, ambaye hampakulii mtu ugali kabla ya kujua ni mtoto wa nani. Maktaba nayo hufunguliwa saa ya chakula tu, na tangu Jumatatu kuna msichana wa riwaya nimemwacha ukurasani akining'inia dirishani, ghorofa ya tatu.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Kila mmoja huulizwa, "Wewe ni wa wapi? Baba yako ni nani?" Ajwang alipotaja Seme, Mzee aliweka mwiko chini kabisa ili wazungumze.

2. Undugu ukipatikana, lazima uheshimiwe. Oluoch wa Kidato cha Kwanza amegunduliwa kuwa mjomba wa Mzee. Tulisubiri huku Mzee akimwomba mjomba wake ushauri kuhusu ng'ombe.

3. Shemeji huongezewa dagaa wa omena. Sasa Kidato cha Pili kizima ni mashemeji.

4. Wazazi wangu walitoka Nyeri, mbali na huku, wanauza viatu mjini. Mzee hunitazama, husema, "Pita, mama," na ugali uko sahanini. Mimi ndiye mfano wa kazi isiyokwama, lakini nachelewa kwa sababu walio mbele yangu wana jamaa.

Kwa hivyo naomba kila mwanafunzi avae shingoni majina ya ukoo wake hadi babu wa tatu. Ikishindikana, undugu upigwe marufuku kati ya saa saba na saa nane. Ikishindikana pia, shule isajili tu watoto wasiojulikana na mtu yeyote.

Nisalimie walimu wote, Mama Benta wa ofisini, na Mzee Ondiek mwenyewe, bila kumwambia ni salamu za nani.

Mwanafunzi wako mtiifu,
Charity Wamucii,
Kidato cha Tatu

Nyongeza: Leo Mzee amesikia kwamba mama yangu hununua mboga kwa Rosa, dada yake Mzee, pale sokoni Otonglo. Amesema mteja wa Rosa ni mtu wa nyumbani. Ameniuliza mama ameamkaje, mguu wake unaendeleaje, na mbona mimi sinenepi. Nyuma yangu watu walikuwa wakigonga sahani, sikuwasikia vizuri. Tafadhali usibadilishe chochote kwanza. Bado hajaniuliza kuhusu baba.