Mguu wa Kushoto wa Bi Harusi

Jamani, leo nimejichora. Si kwa penseli. Nimejichora kwa ile maana ya mtaani, ya kujiaibisha. Nimekaa kitandani hapa, vidole bado vyeusi, nawasimulia mapema kabla hamjasikia kwa watu.

Mnaonijua mnajua kazi yangu. Wiki nzima natoa fotokopi hapa Morogoro mjini. Mashine ikikwama, nagombezwa mimi, mashine inapewa pole. Ndiyo maana kila Jumamosi napanda bodaboda mpaka vijiji vya huko juu mlimani, nakaa kwenye jiwe langu, nachora. Nikishachora nusu saa kichwa kinakuwa chepesi, hata nikiitwa jina nachelewa kuitika. Dada yangu anasema nachafua karatasi. Miaka miwili nachora na hakuna binadamu aliyewahi kuniita mchoraji. Nalitaka hilo neno, sifichi. Hata mara moja tu.

Leo asubuhi ukungu ulikuwa unatembea. Unafunika migomba, unakaa, halafu unaifunua mmoja mmoja. Mimi naufuata na penseli polepole, mlima wa mbele, wa nyuma yake, na ule wa mwisho ambao ukiukodolea macho unapotea. Chai ikapoa kwenye chupa. Sikuwa na habari na dunia.

Mara akaja binti mmoja anahema, kajifunga kanga. Akanisalimia kwa heshima, akaangalia karatasi, akaangalia penseli zangu zilivyopangwa juu ya jiwe.

"Dada, samahani. Wewe ndiye mchoraji?"

Niliweka penseli chini ili lile neno lizame vizuri.

"Ndiyo. Mimi ndiye."

"Tunakusubiri tangu asubuhi."

(Hapo mwenye akili timamu angeuliza swali. Mimi machozi yalikuwa yananilengalenga.)

Akanibebea mkoba. Njiani akaniambia dada yake Zuhura anaolewa leo, nikaha ni baada ya Alasiri, kisha mume anamchukua moja kwa moja mpaka Shinyanga. Nikaelewa haraka sana, maana mimi ni mwepesi wa kuelewa. Familia inataka picha ya binti yao ibaki ukutani. Nikajiambia, kumbe watu wa huku wanathamini sanaa hivi, na sisi mjini tunahangaika na selfi.

Nyumbani akina mama walikuwa wanamenya ndizi. Nikatoa shikamoo kwa zamu, nikapewa chai na maandazi, nikaingizwa chumbani. Zuhura alikuwa kakaa mkekani, kaegemea ukuta, kanyoosha miguu, kanga kaivuta mpaka magotini. Mama yake mkubwa, mama wa watu mwenye sauti ya kuamrisha, akanionyesha pa kukaa.

"Anza na miguu," akasema, akatoka.

Nikashangaa kwa furaha. Watu wote huanza na uso, lakini miguu ndiyo kipimo cha fundi. Nikafungua ukurasa mpya.

Nawaambia ukweli, sijawahi kuchora vile. Chumba kimetulia, mwanga unaingia dirishani, nje wanacheka kwa mbali. Nikachora kisigino, nikachora kifundo, vidole kimoja kimoja, na kile kikovu kidogo cha utotoni. Zuhura akasinzia. Mara kwa mara pazia linafunguka kidogo, mtu anachungulia, nasikia wananong'ona kwamba anapanga maua kwanza kwenye karatasi, huyu ni fundi. (Maua nikayasikia. Nikadhani ya ukumbini.)

Saa ikapita, na zaidi. Mama mkubwa akaingia, akauliza kama tayari. Nikasema tayari, nikamgeuzia karatasi kwa mikono miwili.

Akaitazama. Akaitazama miguu ya Zuhura, myeupe peee. Akairudia karatasi.

"Hii ni miguu," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Miguu tunayo, mwanangu. Tulikuwa tunataka piko."

Piko! Mchoraji wa piko! Wa kumpamba bi harusi maua ya mikono na miguu! Nilitamani mkeka unimeze. Mkoba wangu waliokuwa wanauheshimu vile ukafunguliwa, ikatoka chupa ya chai, kifutio na andazi moja nililoliweka akiba.

Kibaya zaidi hakijaja. Wakampigia mchoraji mwenyewe. Kumbe alikuwa ameshafika mpaka njia panda, akaambiwa mchoraji kashaingia ndani anakunywa chai, akakasirika, akageuza kurudi mjini. Zuhura akaangalia mikono yake mitupu, akaanza kulia bila sauti. Alisema watu wa Shinyanga watamwona kama aliyeolewa kwa kushtukizwa. Hapo sikuwa na kicheko hata cha kujitetea. Nikaichukua simu mimi mwenyewe, nikamwomba yule dada wa piko msamaha mpaka kuku wa pale wakanionea huruma.

Akarudi saa nane, matope mpaka kiunoni. Akahesabu kwa vidole. Muda unatosha mikono miwili na mguu mmoja. Akanisukumia kibakuli cha piko na kijiti. "Na wewe si mchoraji? Shika wa kushoto."

Nikachovya kijiti mara tatu bila kuugusa mguu. Maua ya piko siyajui. Ninachokijua ni kile ninachokichora kila Jumamosi, kwa hiyo nikaanza mlima wa mbele, wa nyuma yake, ule wa mwisho, na mgomba mmoja pembeni. Katikati pale mkono ukaenda wenyewe. Nikasahau hata aibu yangu, kwa dakika ishirini hivi.

Mama mkubwa akaja na miwani, akainama.

"Hizi ni sambusa?"

Nyumba nzima ikaangua kicheko. Kuna mama alitoka nje kwenda kucheka vizuri. Mimi nikainamisha kichwa, nikaomba kitambaa niufute, wakaniambia piko haifutiki.

Zuhura peke yake hakucheka. Aliuvuta mguu karibu, akauangalia sana.

"Si sambusa," akasema. "Ni hapa nyumbani. Usiuguse."

Alipotoka kwenda kwa mumewe nilimwona anakanyaga ule mguu kwa uangalifu. Akanigeukia mlangoni, akasema, "Ahsante, mchoraji." Safari hii alijua anamwita nani.

Kwa hiyo mkiona picha inazunguka kwenye magrupu, bi harusi mguu wa kulia maua, wa kushoto sambusa tatu na jani la mgomba, naomba msicheke. Aliyechora alisubiriwa tangu asubuhi.