Kofia za Gordie

Jumatatu, 6 Januari

Baridi ya nyuzi hasi thelathini. Gari limekataa kuwaka, ingawa lililala na waya wa umeme wa kupasha injini puani, kama mgonjwa. Lakini leo hakuna cha kuniudhi. Mashine ya kulainisha barafu imefika! Si mpya hasa, mji mwingine umeshaitumia, ila taa zake zote zinawaka na haivuji mafuta kama kile kikongwe chetu kilichokufa Novemba.

Bernadette Gaudry, mwenyekiti wa kamati ya uwanja, ametangaza mgahawani kwamba mashine itapewa jina la mchezaji bora wa hoki ya barafuni wa nyakati zote. Mji utachagua Jumamosi, kwenye mechi yetu na mji jirani wa Esterby. Na aliyependekeza jina litakaloshinda ndiye atakayeiendesha kwa mara ya kwanza, watu wote wakitazama.

Nilishika kikombe kwa mikono miwili nisimwage kahawa. Tangu ujana wangu natamani kuendesha mashine ile. Kila mwaka naomba, kila mwaka wanampa mwingine. Kukaa kule juu! Kuzunguka polepole, barafu ikibaki inang'aa nyuma yangu, watoto wakinipungia mkono! Sitaki kingine duniani.

Jina ninalo. Gordie Howe. Hakuna mjadala.

Mjadala ulianza papo hapo. Murray Tollefson, jirani yangu na mzigo wangu, akasema Wayne Gretzky. Eti ukifuta magoli yote ya Wayne ukamwachia pasi zake tu, bado hakuna anayemfikia kwa pointi, yaani magoli na pasi kwa pamoja. Nikamwambia Wayne alilindwa kama yai, Gordie alijilinda mwenyewe kwa viwiko. Alianza miaka ya arobaini, akamaliza mwaka wa themanini, kichwa kina mvi, timu moja na wanawe wa kuwazaa!

"Jirani," Murray akasema, "hata hiyo hatriki ya Gordie unayotupigia kelele kila siku, goli, pasi na ngumi ndani ya mechi moja, mwenyewe kaipata mara mbili tu maisha yake yote."

Mgahawa mzima ukacheka. Niliondoka donati nimeiacha nusu. Nyumbani nikamweleza mke wangu, Doreen. Alikuwa anafuma.

Jumanne, 7 Januari

Nimepata wazo, na ni wazo la mtu mwenye akili. Gordie alizaliwa Floral, hapa hapa jimboni kwetu Saskatchewan. Wayne ni wa Ontario! Nimeandika mabango: CHAGUA MTOTO WA SASKATCHEWAN! Jina sikuandika. La nini? Kila mtu anajua.

Nimebandika posta, mgahawani, kanisani. Padri Lucien aliniruhusu kwa shingo upande, kwa sababu yeye ni wa Bobby Orr. Anasema mlinzi kuongoza ligi nzima kwa pointi ni muujiza, na miujiza ni idara yake. Nikamuuliza, na magoti ya Bobby yaliyoharibika mapema je? Akanijibu kwamba watakatifu wote waliteseka.

Kina mama wanaocheza mchezo wa kusukuma mawe barafuni pamoja na Doreen wameyapenda sana mabango yangu. Wameomba mengine ya ziada! Mmoja alinishika mkono akaniambia, "Orest, umesema kweli tupu, baba." Nimetembea hadi nyumbani kifua mbele.

Jumatano, 8 Januari

Bernadette ametangaza jinsi ya kuchagua. Karatasi hataki, maana za mara iliyopita zilileta ugomvi hadi Pasaka. Tutapiga kura kwa kofia. Mchezaji akifunga magoli matatu si tunamrushia kofia barafuni? Basi. Kwenye mapumziko ya kwanza kila mtu atarusha kofia yake mbele ya kibao cha mchezaji wake, yeye atahesabu, mshindi atatangazwa.

Aliongeza jambo jingine mwishoni, lakini nilikuwa nimeshaacha kusikiliza. Kichwa changu kilikuwa kinafanya kazi.

Kofia moja, kura moja. Hakuna aliyesema kichwa kimoja!

Alhamisi, 9 Januari

Nimeenda uwanjani mchana nikajitolea kusafisha sanduku la vitu vilivyosahaulika. Bernadette aliniangalia kama mtu aliyeona paka anaosha vyombo. Akauliza kama ninaumwa. Nikamjibu kwamba mtu anaweza kuupenda mji wake bila kuumwa.

Sanduku lina hazina! Kofia za sufu za misimu na misimu, za kila rangi, nyingine na kishada cha nyuzi kileleni, zinanuka jasho na mafuta ya chipsi. Nimejaza gunia la viazi. Glavu nimeziacha, mimi si mwizi.

Murray alinikuta mlangoni akauliza nimebeba nini. Nikasema viazi. Akasema viazi vyangu vina vishada vya nyuzi. Nikamwambia ni aina mpya.

Ijumaa, 10 Januari

Gunia liko gereji, nyuma ya kombaini ya kuvunia ngano. Leo nilizipanga kofia vizuri ziruke sawasawa. Chini kabisa nikakutana na rafiki wa zamani: ile ya bluu na chungwa aliyonifumia Doreen kwa sikukuu yetu ya ndoa. Inawasha kama upupu. Halafu rangi za Edmonton, timu ya Wayne! Eti sufu iliyokuwa dukani ndiyo hiyo. Niliitumbukiza sandukuni mwenyewe msimu ule ule, nikamwambia mke wangu imepeperushwa na upepo. Alihuzunika kweli, maskini.

Nilifikiri kuitoa. Lakini kura ni kura. Irudi, imtumikie Gordie, itubu.

Doreen alichungulia akauliza ninafanya nini huku kwenye baridi. Nikasema naikagua kombaini. Akasema kombaini ni yake, haijambo, nije kula pyrohy zake za unga na viazi zisipoe.

Jumamosi, 11 Januari

Naandika kabla sijavua koti.

Uwanja ulifurika. Mapumziko ya kwanza, vibao vikapangwa kwenye barafu: Gordie, Wayne, Bobby. Halafu cha nne. HAYLEY WICKENHEISER. Limependekezwa na Doreen Wasylenko.

Doreen Wasylenko ni mke wangu!

Alikuwa amekaa katikati ya kina mama wake, wote wameshika mabango yangu. CHAGUA MTOTO WA SASKATCHEWAN. Chini wameongeza kwa kalamu nyekundu: wa Shaunavon! Nilikuwa nimesahau kabisa kwamba Hayley, yule mwanamke bingwa wa hoki, naye kazaliwa jimboni kwetu. Doreen akachukua kipaza sauti. Dhahabu nne za Olimpiki, akasema. Alifunga goli kwenye ligi ya wanaume kule Finland. Kisha akasoma, sasa ni daktari. "Gordie wenu alimtibu nani?" Watu wakapiga miguu chini.

Sikuogopa. Gunia lilikuwa nami ndani ya kibanda cha wachezaji waliopewa adhabu, hatua chache tu kutoka kibao cha Gordie. Bernadette akapuliza filimbi. Kofia zikanyesha! Nami nikamwaga gunia zima.

Akahesabu, akarudia. Wayne wa tatu. Hayley wa pili. Wa kwanza, Gordie!

Nilipanda ile mashine kama mfalme. Kiti kilikuwa baridi, sikujali. Nimeshika usukani! Macho yalinilowa, nasema kweli.

Hapo Bernadette akatangaza lile jambo jingine ambalo sikulisikiliza Jumatano: kila mtu ashuke aokote kofia yake.

Katika mji huu kila kofia imefumwa na mama au bibi wa mtu, na kila mtu anaijua ya mwenzake kwa mbali kuliko anavyojua sura yake. Mwanamke mmoja akalia kwamba hii ni ya marehemu mama yake, imepotea miaka. Mwingine akapata ya mwanawe. Padri Lucien akapata mbili. Murray akainua ya kijani kwa vidole viwili, akapaza sauti:

"Hii si ndiyo tuliyosema imeliwa na mbwa wa Orest? Imefikaje kwa Gordie? Mimi Gordie simpigii kura hata nikifa!"

Rundo la Gordie likawa linayeyuka mbele ya macho yangu. Mwisho akaja Doreen. Akaokota ile ya bluu na chungwa. Akaitazama, akanitazama kule juu.

"Upepo, siyo?" akasema.

Bernadette akahesabu upya, kofia moja kichwa kimoja. Hayley kashinda, Wayne wa pili, na Gordie nyuma hata ya Bobby wa padri. Nikaambiwa nishuke.

Doreen akaiendesha. Ameendesha kombaini tangu msichana, hakuacha hata mstari. Barafu ilikuwa kioo. Nilimwonea wivu, na nilimwonea fahari pia, ila hilo sikumwambia.

Akanihurumia. Mapumziko ya pili akaniita: nivae ile kofia, niseme kwenye kipaza sauti kwamba Hayley ndiye bora wa wote, naye ataniachia usukani. Mzunguko mzima! Neno moja tu. Nikavaa. Nikasimama katikati ya barafu, kichwa kinawasha, mashine inanguruma pembeni, ufunguo uko mkononi mwa mke wangu.

Nikafungua mdomo.

"Gordie," nikasema.

Walicheka hadi paa likatikisika. Doreen alicheka kuliko wote. Ufunguo akampa Murray, ambaye alipunga mkono kwa kila mtu, mimi mara mbili.

Jumapili, 12 Januari

Nimeamka mtulivu. Nimetafakari sana, na nimegundua nilipokosea.

Nilitumia kofia za watu wa hapa!

Machi unakuja ubao mpya wa magoli, nao utahitaji jina. Bernadette amesema utaratibu ni ule ule, atakayeshinda ndiye atakayeuwasha. Sasa, Esterby nao wana uwanja, na uwanja wao una sanduku. Kofia za Esterby nani atazitambua hapa? Hakuna! Binamu yangu anao ufunguo wa huko. Nimempigia. Ananisubiri mchana huu.

Doreen ameniona na gunia tupu akauliza naenda wapi. Nikasema viazi. Akasema sawa, lakini nje kuna baridi, nivae kofia yangu. Akanivalisha mwenyewe, akaivuta hadi masikioni, akanibusu shavuni.

Inawasha vibaya sana. Lakini hilo nalo nimeshalipatia dawa. Nikifika Esterby nitaitumbukiza kwenye sanduku lao. Jioni nitamwambia upepo.