Sahani Zinazojiosha

Jumatatu, 3 Machi

Bahari, bahari, na bahari tena. Nyumbani kuko mbele mahali fulani. Dira inasema hivyo na Shangazi anaiamini. Shangazi ndiye nahodha na mwenye mashua. Mabaharia ni mimi na mwanawe, binamu yangu, tunayemwita Kimya. Kimya anapiga deki, anashona tanga, anakoroga maharage, na hasemi. Mtu wa namna hiyo ni wa kuogopwa.

Leo kuna habari kubwa! Shangazi katangaza wakati wa chakula: atakayefanya zamu zake bila kukumbushwa ndiye atakayeshika usukani tukiingia bandarini. Mwingine atasimama mbele na kamba. Nimejiona kabisa: watu wamejaa gatini, mke wangu mbele yao, na kando yake mama mkwe, yule aliyesema siaminiki hata na baiskeli. Usukani lazima uwe wangu.

Tatizo ni zamu yenyewe. Vyombo.

Jumanne, 4 Machi

Sheria ya Shangazi: maji ya tangi ni ya kunywa na kupikia tu. Vyombo huoshwa kwa maji ya bahari. Unachota kwa ndoo, unainama, unasugua, mashua inayumba, na uji wa asubuhi unataka kurudi ulikotoka.

Lakini akili ni mali. Nimetazama nyuma ya mashua, maji yanavyokimbia na kutoa povu bure. Nikatia sahani zote na vijiko vyote kwenye wavu, nikafunga kamba, nikatupa majini. Vitajiosha! Nikajilaza kivulini. Shangazi akaniuliza mbona nimelala na zamu ni yangu. Nikamwambia zamu inaendelea.

Jumanne, jioni

Nimevuta kamba. Wavu umerudi mwepesi. Ndani kuna kijiko kimoja, kimenasa kwenye nyuzi, kisafi sana.

Nilimweleza Shangazi kwamba huenda ni papa. Akataka kujua ni papa gani huyo anayekula sahani akaacha kijiko. Kimya akakohoa. Sidanganyiki mimi na kikohozi kile, najua ni kicheko. Tumekula maharage kutoka sufuriani, kwa zamu, kwa kijiko hicho hicho.

Alhamisi, 6 Machi

Sasa naosha sufuria moja tu, kwa hiyo ukitazama vizuri mpango ulifaulu. Naosha bila kukumbushwa. Mara nyingine naosha ikiwa tayari safi, ilimradi Shangazi anatazama.

Mchana mvua ilinyesha. Kimya akatandika turubai, akakinga ndoo nzima ya maji, akaifunika na kuifunga chini ya benchi. Nikamuuliza ya nini, na tangi tunalo. Akapandisha mabega tu. Kujionyesha huko.

Jumamosi, 8 Machi

NCHI KAVU! Milima! Shangazi kakumbatia mlingoti. Kisha kanishika bega na kusema usukani ni wangu. Ya sahani ameyasamehe, sufuria ameiona. Nusura nilie. Basi, nililia.

Kesho tunaingia. Sasa mtu atatokeaje mbele ya mama mkwe na chumvi nywelini kama samaki mkavu? Na nchi si hiyo tunaiona, maji ya tangi ya nini tena? Shangazi aliposinzia, na Kimya yuko mbele anahangaika na tanga, nikaoga. Sabuni mara tatu. Nikafua na shati jeupe. Siri ya mtungi aijuaye ni kata, na kata nimeirudisha mahali pake.

Jumapili, 9 Machi

Upepo umelala. Fofofo. Injini iligoma siku nyingi zilizopita na haibembelezeki. Bandari tunaiona, hata rangi za nyumba, na hatusogei.

Shangazi akafungua bomba apike chai. Bomba likakoroma. Akanigeukia. Nilikuwa nanukia sabuni toka utosini hadi kisiginoni, nimevaa shati jeupe, na mashua ni fupi, hakuna pa kujificha. Hakunigombeza. Heri angenigombeza. Alisema tu kwamba kiu haijui bandari iko karibu. Niliona aibu kwelikweli.

Kimya akaifungua ile ndoo yake. Akanimiminia mimi wa kwanza. Nikanywa, nikamchukia kidogo, nikaomba nyingine.

Usukani kapewa Kimya.

Jumatatu, 10 Machi

Upepo bado. Shangazi kaita bandari kwa redio, ikaja boti kutuvuta. Ukivutwa, kasema, kazi iko mbele kwenye kamba, na panahitaji mtu wa kuaminika. Akampeleka Kimya. Usukani akaufunga usigeuke.

Nikamwomba niushike hivyo hivyo. Akacheka, akasema shika tu, baba, hauendi popote.

Nimeushika! Tumeingia bandarini mimi nimesimama wima, shati linameremeta, napunga mkono. Mke wangu karuka kwa furaha. Mama mkwe kauliza ile kamba iliyo mbele ni ya nini. Nikamjibu kwamba wakubwa husindikizwa.

Alasiri Shangazi alinituma sokoni kununua sahani mpya. Nimenunua. Nimepita pia duka la vifaa vya uvuvi. Mpango wangu haukuwa na kosa, kosa lilikuwa la matundu. Wavu wa matundu madogo ninao sasa, na Kimya hajauona.